Bafu la Watu Wanne

Pindo alibadilisha gauni mara mbili, akarudi kwenye lile la kwanza, kisha akajicheka peke yake mbele ya kioo. Mwanamke mzima, fundi mapazia mwenye duka lake na wateja wake, leo anahangaika kama msichana anayekwenda kwenye mahafali. Lakini hakuwa anakwenda kwa mteja. Alikuwa anakwenda kwa Hamira.

Jina hilo la Hamira alilipata kwa wenzake wa kiwanda cha mikate, kwa sababu ya taratibu zake. Kila jambo kwake lilitaka kufunikwa kwanza, liachwe liumuke. Ukimuuliza swali asubuhi, jibu unalipata jioni, ila linakuwa jibu lililoiva. Na Pindo naye, jina alilozaliwa nalo watu walishalisahau tangu alipokuwa mwanagenzi wa kushona, enzi hizo akisifiwa kwa mapindo ambayo uzi wake hauonekani hata ukiutafuta.

Walikutana alipoitwa kushona pazia la dirisha la kiwanda, maana jua la mchana lilikuwa likiingia na kukausha mikate kwenye meza. Pindo akapima, akapewa mkate wa moto, akaondoka. Kesho yake akarudi kupima dirisha lile lile. Hamira hakumuuliza kwa nini. Alimpa mkate mwingine tu.

Tangu hapo zaidi ya mwaka ulishapita. Kila akitoka kazini Hamira alipitia dukani kwa Pindo, akaketi kwenye kigoda karibu na cherehani, akamsaidia kufumua nguo za kurekebisha huku wakizungumza. Alikuwa mgane. Mkewe alifariki binti yao akiwa bado mdogo, na dada yake mkubwa akahamia kwake kuwalea wote wawili, baba na mtoto. Sasa binti alikuwa anasomea uuguzi, na dada mtu alikuwa bado yupo. Mambo yao Pindo aliyajua kwa kusimuliwa. Wao hakuwahi kuwaona.

Hata uchumba wenyewe ulikuja kwa mtindo wa Hamira. Siku moja alikuwa anafumua suruali, akasema bila kuinua macho:

"Nyumba yetu ina bafu moja. Dogo sana."

"Pole," Pindo akasema, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani.

"Tunalitumia watu watatu. Vitu vimejaa mpaka dirishani. Sabuni zinaangukia kwenye ndoo."

"Sasa mbona unaniambia mimi habari za bafu lenu?"

Hamira alitoa uzi mmoja, akauviringa kidoleni. "Nataka tuongeze makabati. Ili na vyako vipate pa kukaa."

Cherehani ilisimama. Pindo alimtazama muda mrefu kabla hajaelewa kwamba ameshachumbiwa.

"Na nyumbani wanasemaje?" aliuliza, baada ya kufuta macho kwa kipande cha kitambaa cha mteja.

"Nimewaambia unakuja Jumamosi."

Pindo hakuuliza zaidi. Sentensi hiyo alikuwa ameingoja mwaka mzima.

*

Mlango wa ghorofa ya tatu ulifunguliwa na msichana mrefu aliyevaa kanga kiunoni na penseli sikioni. Macho yalikuwa ya Hamira matupu.

"Shikamoo, mama. Wewe ndiye fundi?"

"Marahaba, mwanangu. Ndiye mimi." Kila mtu alimwita fundi. Pindo hakuona ajabu.

Sebuleni, dada mtu alikuwa amekaa kwenye kochi akikunja taulo. Mwanamke mnene, mwenye magoti yaliyofungwa bandeji na macho yasiyopitwa na kitu. Pindo alikuwa amelifanyia mazoezi neno hili njia nzima. Alipiga goti kidogo, akasema kwa sauti ya upole:

"Shikamoo, wifi."

Shangazi, maana ndivyo nyumba nzima ilivyomwita kwa ajili ya binti, aliinua macho. Alimtazama Pindo toka kichwani hadi kwenye viatu, kisha akacheka mpaka kochi likalia.

"Marahaba. Fundi una utani, wewe. Karibu, karibu ndani."

Pindo naye akacheka, ingawa hakujua kilichochekesha ni nini. Wakati huo huo Hamira akatokea jikoni na sinia la vikombe. Alikuwa na unga nyuma ya sikio, na uso wa mtu aliyekumbuka ghafla kwamba ameacha mikate kwenye tanuri.

"Umefika," alisema.

"Nimefika."

"Basi tuanze na bafu. Chai tutakunywa baadaye."

Bafu lilikuwa mwisho wa ukumbi. Hamira hakuwa ametia chumvi. Mlango ulifunguka kwa ndani na kugonga sinki, kwa hiyo mtu aliingia ubavuubavu kama anayepita kati ya magari. Miswaki yote mitatu ilikuwa kwenye kikombe kimoja. Wembe wa Hamira ulikaa juu ya tangi la choo. Mafuta ya nywele ya binti yalijaa kwenye beseni chini ya sinki, pamoja na sare iliyolowekwa, na dawa za kuchua za Shangazi zilipangwa dirishani, moja ikiwa imeegemea nyingine ili isidondoke. Nyuma ya mlango taulo zilining'inia kwenye msumari mmoja.

Pindo alisimama katikati, akasahau hofu zote. Kazi ni kazi. Alitoa futi ambayo haikukosa mkobani mwake.

"Hapa kabati la milango ya kufunguka halifai," alisema. "Litampiga mtu kichwani. Tuweke milango ya kuteleza. Na lisiwe pana, liwe kina cha kiganja kimoja na vidole viwili, mtu apite bila kukunja mabega."

"Mbao zitavimba na mvuke," binti alisema akiwa mlangoni, daftari la chuo mkononi.

"Zikipakwa rangi ya mafuta pande zote, hata mgongoni, hazivimbi. Shida ni kwamba mafundi hawapaki mgongoni kwa sababu hauonekani."

"Mimi nataka pa kuweka dawa zangu," Shangazi alisema kutoka ukumbini, maana bafuni hapakuwa na nafasi yake. "Ila pasiwe juu. Sitaki kuning'inia kama popo kila nikiumwa goti."

"Zako zitakuwa chini, usawa wa mkono," Pindo akamjibu. "Hamira, njoo unishikie hapa."

Akaingia. Alishika mwisho wa futi kwenye ukuta juu ya tangi, Pindo akavuta upande wa pili hadi kwenye kona, na kwa kuwa hapakuwa na namna nyingine, bega lake likatua kifuani mwa Hamira. Harufu ya mkate ikampata. Mwaka mzima walikuwa wamekaa na cherehani katikati yao. Sasa katikati yao hapakuwa na kitu. Pindo alisoma namba kwenye futi, akazisahau, akazisoma tena. Alipoinua macho, walikutana kwenye kioo, na hakuna aliyetangulia kuangalia pembeni.

"Ngapi?" binti akauliza.

"Nini?"

"Upana."

Pindo akamtajia. Binti akaandika, akachora mistari kwa haraka ya mtu anayependa mambo yaliyonyooka.

"Basi naona rafu zije hivi," binti alisema, akigeuza daftari ili waone. "Chini Shangazi. Katikati mimi. Juu Baba."

"Juu hapo nafasi inabaki," Pindo akasema. "Zinaingia nne bila shida."

"Nne za nini? Si tuko watatu." Binti aliinua uso. "Ya nne ya nani?"

Pindo alimtazama Hamira kwenye kioo, akangoja. Moyoni alifurahi, akidhani anataka kulisema mwenyewe kwa raha zake. Hamira alifungua mdomo, akaufunga. Bomba lilidondosha tone. Likadondosha jingine.

"Ya akiba," Hamira alisema mwishowe. "Huwezi kujua."

"Akiba ya sabuni," Shangazi akadakia kutoka ukumbini. "Vizuri sana. Tutakuwa tunanunua za jumla."

Hapo ndipo kila kitu kilipomfikia Pindo kwa pamoja, kama maji ya baridi. Fundi. Utani. *Nimewaambia unakuja.* Kweli aliwaambia anakuja. Aliwaambia anakuja fundi wa kupima bafu.

Alipima kona iliyobaki, akamwonyesha binti mahali pa kuweka kulabu za taulo, akakumbusha tena kuhusu rangi ya mgongoni. Sauti yake haikubadilika hata kidogo. Kisha akaviringa futi taratibu, mkono mmoja ukizunguka mwingine, akaiweka kwenye mkoba. Chai akaikataa kwa adabu, akisema ameacha mteja dukani.

"Fundi mzuri huyu," alimsikia Shangazi akisema nyuma yake. "Mcheshi, halafu hana maneno mengi."

*

Hamira alimkuta kwenye ngazi za ghorofa ya pili.

"Pindo."

Alisimama, mkono ukiwa kwenye reli. Mlango wa jirani ulikuwa wazi, kwa hiyo walizungumza kwa sauti ya chini.

"Uliniambia umewaambia."

"Nilisema nimewaambia unakuja."

"Na unajua nilivyoelewa."

Hamira alitikisa kichwa kukubali. "Najua."

"Nimemsalimia dada yako wifi, akaangua kicheko. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Ukaendelea kubeba vikombe."

"Nilidhani ukiwa pale, wakikuona, wakikuzoea kidogo, maneno yatakuja yenyewe. Nilitaka wakupende kwanza, ndipo wajue."

"Wanipende kama nani? Kama fundi?" Pindo aligeuka kumtazama. Alikuwa na machozi, lakini hayakutoka. "Mimi nimewaambia ndugu zangu. Dada yangu amewatangazia watu hata nisiowajua. Natembea nimeinua kichwa kwa sababu kuna mtu amesema vyangu vipate pa kukaa. Kumbe mimi ni ya akiba. Mimi si sabuni."

"Lilinitoka tu neno hilo."

"Ndiyo maana limeniuma. Lile la kweli ndilo halikutoka."

Hamira aliinua mkono kama anayetaka kumgusa begani, akaurudisha. Unga ulikuwa bado nyuma ya sikio. Siku nyingine Pindo angeupangusa.

"Siachani na wewe," alisema Pindo. "Sina nguvu hizo, na ningekuwa nazo nisingezitumia. Lakini usije dukani mpaka uwe umewaambia. Kwa mdomo wako, wote wawili, na mimi nikiwa sipo. Sitaki tena kuwa mtu wa kuingizwa kwa mlango wa nyuma."

Akashuka. Barabarani jua lilikuwa kali, na aliishukuru miwani yake ya jua.

Dada yake alipiga simu jioni hiyo hiyo kuuliza habari za ukweni. Pindo akamwambia kweli tupu. Dada yake akasema alichokuwa anangoja kusema siku zote.

"Mdogo wangu, mwanamume anayekuficha ana sababu."

"Ana sababu. Anaogopa."

"Anaogopa nini, mtu mkubwa vile?"

"Anaogopa kuwaumiza watu anaowapenda. Tatizo ni kwamba na mimi nimo."

"Na ukiendelea kungoja, utazeekea kwenye cherehani."

"Nitazeeka hata nisipongoja," Pindo akasema, na kwa kuwa hawakuzoea kugombana, wakahamia kwenye habari za watoto.

Siku zilizofuata kigoda kilikaa kitupu. Pindo alishona mapazia ya ofisi fulani, meta kwa meta ya kitambaa cha kijivu, akashukuru kwamba kilikuwa kibaya na hakikumtaka afikiri. Mara mbili alisikia nyayo nzito mlangoni, akainua kichwa, akakuta ni wateja.

*

Mtu aliyekuja alikuwa binti. Alikuja na sare ya chuo, mkoba mgongoni, akasimama mlangoni kama asiyejua kama aingie au aondoke.

"Shikamoo," alisema. Kisha akaongeza, "Sijui nikuiteje."

"Marahaba. Kaa kwanza. La kuniita litapatikana."

Binti alikaa kwenye kigoda. Aliangalia vitambaa, mkasi, kikombe cha sindano, akarudi kumtazama Pindo.

"Baba ametuambia jana tukiwa tunakula. Ameweka kijiko chini, akasema, 'Yule fundi si fundi.' Shangazi akadhani umetuibia. Akaanza kuhesabu taulo."

Pindo hakutaka kucheka, akacheka. Binti hakucheka.

"Ulikuja nyumbani kwetu ukapima bafu letu, huku unajua."

"Nilidhani na ninyi mnajua. Nilidhani mmenikaribisha."

"Ndivyo alivyosema na yeye. Amesema kosa ni lake lote, tusikulaumu hata chembe." Alivuta uzi kwenye mkono wa sweta. "Sikukasirika kwa sababu yako. Sikujui kiasi cha kukukasirikia. Nilikasirika kwa sababu nilidhani namjua baba yangu. Kila siku ananiuliza nimekula nini, nimelala saa ngapi, namwambia kila kitu. Kumbe yeye ana mtu zaidi ya mwaka, anarudi nyumbani na nyuzi kwenye suruali, na mimi namwambia, 'Baba, hiki kiwanda chenu kina nyuzi za nini?'"

"Alijibu nini?"

"Alisema ni za magunia ya unga."

Safari hii midomo ya binti ilicheza kidogo, akaizuia.

"Na Shangazi?" Pindo akauliza.

"Huyo ndiye aliyenileta. Yaani hakunituma, ila ndiye aliyenileta." Sauti ilishuka. "Hajasema neno tangu jana. Amepanga nguo zake kwenye sanduku. Akazitoa. Leo asubuhi nimekuta amezipanga tena. Nikamuuliza anakwenda wapi, akasema kazi iliyomleta imekwisha. Baba amembembeleza, amesimama pale mlangoni mpaka amechelewa kazini, na Baba hajawahi kuchelewa. Hamsikilizi. Na mimi siwezi kurudi kwenye nyumba isiyo na Shangazi. Siwezi. Kama kuja kwako ndiko kutoka kwake, basi mimi..." Akaishia hapo.

Pindo aliondoa mguu kwenye cherehani. Alikata uzi, akakunja kitambaa cha kijivu, akachukua funguo.

"Nipeleke kwake," alisema.

*

Sanduku lilikuwa sebuleni, limefungwa. Shangazi alikuwa amekaa kando yake, mikono mapajani, amevaa viatu. Alipomwona Pindo hakuinuka.

"Shikamoo, wifi," Pindo akasema.

"Safari hii si utani."

"Hata safari ile haukuwa utani."

Shangazi alivuta pumzi. "Majirani wote nimewasimulia. Nimewaambia kuna fundi kaja, kaniita wifi, tukacheka mpaka basi. Sasa sijui nitapita wapi na uso huu."

"Utapita na mimi. Watacheka mara moja, watachoka."

Pindo alikaa sakafuni kwenye zulia, miguu pembeni, karibu na yale magoti yenye bandeji. Binti alijifanya anakwenda jikoni, akasimama nyuma ya pazia la mlango, miguu ikionekana.

"Mimi nilikuwa na chumba changu," Shangazi alianza, kwa sauti ya mtu anayeongea na ukuta. "Na biashara ya vitambaa. Ndugu yangu alipofiwa nikaja kwa wiki moja, nimsaidie mtoto azoee. Wiki hiyo haijaisha mpaka leo. Sijuti, usije ukadhani najuta. Lakini chumba kilishachukuliwa, na vitambaa siku hizi watu wanauziana kwenye simu. Sasa anakuja mwenye nyumba. Mimi nikae kama nani? Nisogezewe kiti, nivumiliwe? Heri nitoke na heshima yangu."

"Utakwenda wapi?"

Shangazi alilisogeza sanduku karibu na mguu wake. Ilikuwa wazi kwamba hakujua.

"Wifi," Pindo alisema, "Hamira anaondoka alfajiri. Huyu mwanetu anaondoka na mkoba wake, akimaliza chuo ataondoka kabisa. Mimi nimekaa peke yangu miaka mingi. Chai ya asubuhi nakunywa na cherehani, na cherehani haijawahi kuniuliza nimeamkaje. Ukiondoka wewe, nitakuwa nimehama upweke mmoja kwenda mwingine, tena wenye ngazi. Sikuja kuchukua nafasi ya mtu. Ukitoka na hilo sanduku, mimi siji."

"Unanitishia?"

"Nakuomba."

Shangazi alimtazama kwa yale macho yasiyopitwa na kitu. Alimtazama muda mrefu, kama anayekagua kitambaa kwenye mwanga kutafuta tundu.

"Unampenda kweli? Maana ni mzito yule. Ukimwambia nyumba inaungua, atauliza chumba kipi."

"Nampenda. Hata mimi nimemngoja mpaka nikachoka, nikapumzika, nikaendelea kumngoja."

Nyuma ya pazia binti alikohoa. Shangazi akainama, akaanza kufungua kamba za viatu, na kwa kuwa magoti hayakumruhusu, Pindo akazifungua yeye.

"Asubuhi bafuni unakaa muda gani?" Shangazi akauliza kutoka juu.

"Sikai. Naoga kama mtu anayefukuzwa."

"Ushukuru Mungu. Huyu mtoto anakaa humo mpaka nasahau kama nina mtoto."

"Shangazi," binti akasema kutoka nyuma ya pazia.

"Toka huko, miguu yako tunaiona."

Walikuwa bado wamekaa hivyo, viatu vya Shangazi mkononi mwa Pindo, Hamira alipoingia. Alisimama mlangoni. Aliliona sanduku, akamwona dada yake, akamwona Pindo kwenye zulia, na uso wake ukafanya kitu ambacho Pindo hakuwahi kukiona, ukalegea wote kwa pamoja.

"Ingia," dada yake akamwambia. "Umechelewa, mazungumzo yameshakwisha."

"Hata hivyo aseme," Pindo akasema. "Nataka nisikie."

Hamira alivua kofia ya kazi. Safari hii hakuomba muda.

"Dada. Mwanangu. Huyu ndiye ninayempenda, na nataka kumuoa. Ningewaambia siku nyingi, niliogopa mtadhani nawapunguza. Nikamficha mtu ambaye ningepaswa kutembea naye barabarani mchana. Mnisamehe ninyi. Na wewe, Pindo, nisamehe zaidi."

Shangazi alipangusa pua kwa taulo mojawapo kati ya zile alizokuwa amezihesabu. Binti ndiye aliyetangulia kusema.

"Mimi sijakuzoea," alimwambia Pindo. "Nasema mapema. Usitegemee nitakuita mama."

"Niite Pindo. Wote wananiita hivyo."

"Haya, Pindo." Alilijaribu jina mdomoni. "Ila mafuta yako ya nywele usiyachanganye na yangu."

*

Kesho yake mchana Hamira alimpitia Pindo dukani, wakaenda pamoja kwa seremala na mchoro wa binti. Walitembea barabara kuu, upande wenye watu. Hamira alikuwa amemshika mkono, na kila walipokutana na mtu anayemfahamu alisimama kusalimia bila kuuachia, hata pale mfanyakazi mwenzake alipopiga mluzi.

Seremala alikuwa mtu mwembamba mwenye vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Aliutazama mchoro, akaugeuza, akaurudisha.

"Milango ya kuteleza," alisema. "Na hapa mmeandika nipake rangi mgongoni. Nani aliyesema nipake mgongoni?"

"Mimi," Pindo akasema.

"Wewe ni fundi mwenzangu, au ndiye mwenye kazi?"

Pindo alifungua mdomo, lakini Hamira alimtangulia. Hamira, ambaye hajawahi kumtangulia mtu kwa jibu.

"Ni mchumba wangu. Hilo kabati ni la nyumbani kwetu, na nalitaka kabla hajahamia."

"Hongereni." Seremala aliweka penseli sikioni. "Sasa bwana, kazi nilizonazo ni nyingi, lazima nijue niiweke wapi hii. Anahamia lini?"

Hilo hawakuwa wamelizungumza. Hamira alimgeukia Pindo, na kwenye macho yake lilikuwepo swali lote, limeiva, halina pa kujificha. Kule ndani ya karakana msumeno wa mwanagenzi ulinyamaza. Pindo alihisi joto likipanda shingoni mpaka masikioni, mbele ya mtu mgeni mwenye vumbi la mbao, na hakuona haya.

"Anza nalo leo," alimwambia seremala. "Siku rangi ikikauka, nahamia."